Chagua Moja Hadi Nne

Ofisi ya maboza ya maji, Ibra, nyuma ya karakana ya matairi.
Mwezi wa saba. Kiyoyozi kinakohoa kuliko kinavyopoza.
Nimeandika programu ndogo ya Python, mistari mia na kumi,
skrini nyeusi, herufi nyeupe, picha hata moja hakuna:

     1. Oda mpya
     2. Oda zilizobaki
     3. Wanaodaiwa
     4. Funga

Nikamwambia mzee Hamdun, karani wa zamu ya usiku,
"Bonyeza namba, kisha Enter. Basi."
Basi! Neno hilo ningelimeza.

Usiku wa kwanza aliandika: moja.
Kwa herufi, kama anavyojaza hundi,
asije mtu akaongeza sifuri kwa nyuma.
Programu ikaanguka, ikamtapikia Kiingereza skrini nzima,
naye akanipigia saa nane:
"Thuweiba, mashine yako imenitukana."

Nikaweka kitanzi. Ndani ya kitanzi nikaandika jaribu,
na chini ya jaribu nikatandika mkeka wa kumpokea aangukaye:
ikiwa si namba, usife,
sema kwa adabu, uliza tena.
Nikalala.

Akaandika 7.
Saba ni namba. Saba ilipita mlangoni bila kuhojiwa,
ikafika ndani, ikakuta haina chumba,
ikasimama ukumbini na viatu mkononi.
Skrini kimya. Boza la Bi Ghaniya wa Sufala halikutoka,
na Bi Ghaniya ana wajukuu tisa na tangi linalolia debe.
"Kwa nini saba, mzee?"
"Nilitaka kujua kuna nini."

Nikaongeza: isipungue moja, isizidi nne.

Alhamisi Shamis mhasibu akakaa kwenye kiti,
kibodi yake ya Kiarabu, akabonyeza ٣.
Nikajiandaa kuona aibu.
Lakini orodha ya wanaodaiwa ikafunguka, tiririka, majina yote.
Kumbe tatu ni tatu hata ikivaa kilemba.
Rafiqul, dereva, akasogea na simu yake,
akanakili tatu ya kwao Sylhet, ৩,
nayo ikapita.
Sikuifundisha mimi hilo. Nilikaa nikaitazama
kama mtu aliyemkuta mtoto wake akiongea na wageni
lugha ambayo nyumbani haijapata kusemwa.

Ikabaki nne. Nne ni hatari: ukifunga, oda za usiku zinalala.
Nikaweka swali, Una hakika? N au H,
ndiyo au hapana, herufi moja tu, nani atashindwa?

     Una hakika?
     inshaallah
     Una hakika?
     inshaallah

Mara kumi na moja. Nimehesabu kwenye faili la makosa.
Kisha mzee alizima swichi ya ukutani
akaenda kuswali alfajiri.

"Mchagua nazi hupata koroma," ananiambia asubuhi,
kikombe cha kahawa kinamtikisika mkononi kwa kicheko.
"Mashine yako inachagua mno."

Ni mistari miwili tu. Jibu likianza na i, lihesabu ndiyo.
Nimeiandika. Nimeifuta.
Maana Bi Ghaniya akiuliza kama maji yatafika kabla ya adhuhuri
sisi humjibu neno hilohilo,
na siku nyingine hufika.

Simu ikalia. Mama, kutoka Chake.
"Idi hii unakuja, au huji?"
Nauli ninayo. Ruhusa sijaomba.
Kishale kilikuwa kinapepesa pale kwenye N au H,
nami nikamjibu Mama.

Akanyamaza kidogo.
Kisha akauliza tena.